Sensa ya Siti ya Mbele: Gari Linapohesabu Mtu Ambaye Hayupo

Kuna kelele moja ambayo karibu kila mwanachuo anayepanda gari za kuitwa kwa simu ameshaisikia. Mmekaa watatu nyuma, siti ya mbele kushoto haina mtu, haina hata begi, lakini gari linapiga ti-ti-ti-ti kuanzia geti la chuo mpaka mnaposhuka. Dereva ameshazoea. Ukimuuliza anajibu bila kugeuka: "Hiyo sensa tu hiyo, imekufa." Wengine wameshajipatia dawa. Wamechomeka ulimi wa mkanda kwenye kifungio chake, mkanda umelala juu ya siti tupu kama umemfunga jini, kengele imenyamaza, maisha yanaendelea.

Makala hii inahusu hiyo "sensa tu". Nataka tuone ni kitu gani, kinafanyaje kazi, na kikianza kusema uongo unatafutaje ugonjwa wake bila kubahatisha. Huhitaji kuwa fundi. Mimi mwenyewe nasomea ualimu, si uhandisi. Fizikia utakayoihitaji humu ni ya kidato cha nne, na sehemu kubwa ya kazi yenyewe haihitaji hata spana.

Neno lenyewe limekaa vizuri

Vitabuni kifaa hiki kinaitwa kihisi. Gereji kinaitwa sensa, na kwa bahati jina la gereji linakielezea vizuri zaidi. Sote tunaikumbuka Sensa ya Watu na Makazi ya 2022, karani alipopita nyumba kwa nyumba akiuliza nani alilala hapa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Kazi ya kihisi cha siti ni hiyo hiyo. Kila unapofungua swichi ya gari, kompyuta inayosimamia usalama wa abiria inamuuliza karani wake aliye chini ya kitambaa cha siti: kuna mtu hapo? Katika magari mengine inaongeza swali la pili: huyo mtu ni mkubwa au mtoto?

Jibu la karani linatumika kwa mambo mawili. La kwanza ni kumkumbusha abiria afunge mkanda. Hiyo ndiyo kengele tunayoijua. La pili lipo katika baadhi ya magari tu, nalo ni zito zaidi: kuamua kama mfuko wa hewa wa upande wa abiria, yaani eabegi, uruhusiwe kufumuka gari likigonga.

Kwa nini eabegi isifumuke tu kila mara? Kwa sababu eabegi si mto wa kulalia. Inajaa ndani ya muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na inatoka kwa nguvu. Mtu mzima aliyefunga mkanda na kukaa mbali kidogo na dashibodi inamwokoa. Mtoto mdogo aliyesogea mbele, au kichanga kwenye kiti chake kilichogeuzwa kuangalia nyuma, inaweza kumuua. Hili walilijifunza kwa uchungu Marekani. Mamlaka yao ya usalama barabarani, NHTSA, inakadiria kwamba kati ya 1990 na 2008 zaidi ya watu 290 waliuawa na eabegi za mbele katika ajali za mwendo mdogo, ajali ambazo vinginevyo wangeweza kutoka wazima. Wengi wao hawakuwa wamefunga mkanda au walikuwa wameufunga vibaya, na watoto wengi walikuwemo.

Mwaka 2000 Marekani ikatoa kanuni mpya. Magari yalitakiwa kupimwa kwa wanasesere wa mtoto wa mwaka 1, wa miaka 3, wa miaka 6, na wa mwanamke mwenye umbo dogo. Yule mwanasesere wa miaka 6 ana kilo 23 hivi, na yule wa mwanamke mdogo ana kilo 49 hivi. Njia mojawapo ya kufaulu ilikuwa gari lijue lenyewe kuzima eabegi kwa mtoto na kuiwasha kwa mtu mzima. Ona sasa ugumu wa kazi ya karani: ndani ya pengo hilo la kilo 26 lazima aamue. Wale wenzangu tuliokonda baada ya boom kuisha, tukikaa kwenye gari la aina hiyo tunaweza kumchanganya kabisa.

Makarani wa aina nne

Kabla ya kutafuta ugonjwa lazima ujue unamtibu nani. Vihisi vya siti vinavyokutwa sana ni vya aina nne.

Wa kwanza ni mkeka. Ni plastiki nyembamba ya tabaka mbili zilizochapwa njia za umeme, na kati yake pana nafasi ndogo. Mkeka unalala kati ya sponji na kitambaa cha siti. Ukikaa, tabaka zinagusana na ukinzani unabadilika, ile R ya V = IR. Ukinyanyuka, zinaachana. Huyu ndiye rahisi kuliko wote na ndiye anayetumika zaidi kwa kengele ya mkanda.

Wa pili ni mfuko wa jeli. Chini ya sponji kunawekwa mfuko mwembamba wenye jeli ya silikoni. Uzito wako unaubana, mgandamizo unasafiri kwa bomba hadi kwenye kipimo. Hapo ni Pascal yule yule wa darasani.

Wa tatu ni vipima uzito kwenye miguu ya siti. Siti nzima inakaa juu ya vipande vya chuma, mara nyingi vinne, kimoja kila kona. Chuma kikipinda hata kidogo sana, waya mwembamba uliogandishwa juu yake unanyooka na ukinzani wake unabadilika. Mliowahi kuhangaika na daraja la Wheatstone maabara mtanielewa.

Wa nne anatumia uwanja wa umeme. Mwili wa binadamu una maji mengi na maji yanabadilisha uwezo wa kuhifadhi chaji kuzunguka siti, kwa hiyo gari linamtambua mtu hata bila kupima uzito.

Gari lako lina yupi? Magari madogo mengi tunayoyaona hapa yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani mara nyingi yana mkeka wa kukumbusha mkanda tu. Karani huyo hajui mtu mzima wala mtoto, anajua "yupo" na "hayupo", basi. Yale yenye kuzima eabegi yenyewe utayajua kwa taa ndogo katikati ya dashibodi iliyoandikwa PASSENGER AIRBAG OFF, au yenye picha ya mtu na duara mbele yake. Ila angalia pia kama kuna swichi ya ufunguo ubavuni mwa dashibodi. Baadhi ya magari yana taa hiyo lakini eabegi inazimwa kwa mkono.

Tofauti hii si ya kujipatia maksi. Maana yake ni kwamba katika gari la mkeka tu, eabegi ya abiria haitamwonea huruma mtoto wako. Itatoka. Ile karatasi ya onyo kwenye kikinga jua, hata kama imeandikwa Kijapani tupu, ndiyo inayosema hivyo.

Kosa lina sura nne

Sasa tuingie kazini. "Sensa imekufa" si maelezo ya ugonjwa. Ni kama mwanafunzi kuambiwa "hesabu huziwezi". Haziwezi zipi? Kujumlisha au kugawanya? Andika dalili kwa usahihi. Mara nyingi itakuwa moja kati ya hizi:

1. Siti tupu, lakini taa au kengele ya mkanda inafanya kazi kana kwamba kuna mtu.

2. Mtu amekaa bila mkanda, lakini gari liko kimya kabisa.

3. Mtu mzima amekaa vizuri, lakini taa ya PASSENGER AIRBAG OFF inabaki imewaka.

4. Taa nyekundu au ya njano ya SRS, ile yenye picha ya mtu na mpira mbele yake, haizimi. Kwa kawaida inawaka sekunde chache ukifungua swichi, halafu inazimika. Ikibaki, kompyuta imeona kosa kwenye mfumo wa eabegi, na katika hali hiyo huwezi kutegemea kwamba eabegi itafanya kazi siku ya siku.

Dalili ya 1 na ya 2 unaweza kuanza kuzichunguza mwenyewe. Ya 3 unaweza kuianza, kuimaliza ni kazi ya mashine. Ya 4 peleka kwa fundi anayejua, usichokonoe.

Jaribio la hali nne

Hapa ndipo ninapopapenda mimi. Kengele ya mkanda haisikilizi siti peke yake. Inasikiliza mashahidi wawili: mkeka wa siti, na swichi ndogo iliyomo ndani ya kifungio cha mkanda. Inalia pale tu mkeka unaposema "mtu yupo" NA kifungio kinaposema "mkanda haujafungwa". Watu wengi wanamhukumu mkeka wakati mwongo ni kifungio.

Simamisha gari sehemu tambarare, vuta breki ya mkono, fungua swichi bila kuwasha injini. Tazama taa ya mkanda wa abiria badala ya kusubiri kengele, kwa sababu katika magari mengi kengele haianzi mpaka gari litembee. Halafu pitia hali nne, moja moja, na uandike:

Siti tupu, mkanda wazi: taa inatakiwa izimike.
Siti tupu, mkanda umefungwa: izimike.
Mtu amekaa, mkanda wazi: iwake.
Mtu amekaa, mkanda umefungwa: izimike.

Sasa soma majibu. Kama taa inawaka kwenye hali ya kwanza na inazimika kwenye ya pili, kifungio kinafanya kazi; siti ndiyo inayodai kuna mtu. Kama inawaka kwenye ya nne, kifungio ndicho hakikubali kwamba mkanda umefungwa. Angalia mchanga, ganda la karanga, sarafu. Nimesikia hata pini ya nywele. Kama iko kimya kwenye ya tatu, mshukiwa anaweza kuwa mkeka uliokatika, plagi iliyochomoka, kifungio kilichoganda kwenye "umefungwa", au taa yenyewe imeungua. Hapo utahitaji vipimo zaidi.

Dakika 5, gharama sifuri, na umeshapunguza washukiwa nusu. Fundi anayeruka hatua hii na kusema "tubadilishe siti" anakuuzia siti, hajakutibia gari.

Siti ya mjomba

Mjomba wangu ana gari dogo la Kijapani. Asubuhi anampeleka mwanawe wa miaka 6 shule, mchana anafanyia biashara. Mwaka jana siti ya kushoto ilianza kulia ikiwa tupu. Fundi wa kwanza aliyemwendea alitaka kumaliza kazi kwa dakika 2: achomeke kipande cha ulimi wa mkanda kilichokatwa kwenye gari bovu, kibaki humo kifungioni moja kwa moja. Mjomba akapiga simu kuniuliza, maana kwenye ukoo ukishaingia chuo kikuu unahesabiwa unajua kila kitu, kuanzia mirathi mpaka umeme wa magari.

Nilimjibu: "Shikamoo mjomba. Dogo anakaa siti hiyo?"

"Marahaba. Siku moja moja, nyuma kukiwa na mizigo."

"Basi hicho kipande kisiwekwe."

Fikiria alichokuwa anaambiwa akubali. Kile kipande kinaliambia gari kwamba mkanda umefungwa, leo, kesho na siku zote. Mtoto akisahau mkanda, gari halitamkumbusha tena, na dereva aliyezoea kengele hataangalia. Zaidi ya hapo, katika magari mengine kompyuta inatumia taarifa ya kifungio kuamua namna ya kuvuta mkanda na kufyatua eabegi wakati wa ajali. Yaani kelele imeondoka, uongo umehamia sehemu nyeti zaidi.

Jumamosi nikaenda. Tulianza na hali nne, ikawa ile ya kwanza: kifungio kizima, siti inadai kuna mtu. Tukafuata yale ambayo hayahitaji spana.

Kabla ya spana

Ondoa kila kitu juu ya siti. Mkeka hautofautishi binadamu na kilo 5 za mchele. Begi la laptopu linatosha kabisa kuhesabiwa kuwa raia.

Vua kava. Kava nene za sponji na zile za ngozi zinazoshonwa mtaani zinaweza kubana mkeka muda wote kwa kamba zake, au kinyume chake kutawanya uzito mpaka mkeka usihisi kitu. Kama kelele ilianza wiki ileile siti zilipovishwa, umeshapata pa kuanzia.

Gusa unyevu. Siti zikioshwa kwa maji na sabuni, au soda ikimwagika, maji yanaingia kwenye plagi na kupitisha umeme pasipotakiwa. Yule karani wa uwanja wa umeme ndiye anayedanganyika kirahisi zaidi, kwa sababu kwake maji na mwili ni ndugu. Anika siti kabisa kabla ya kuhukumu.

Kwa dalili ya 3, angalia ukaaji. Mtu aliyelaza siti, aliyekunja miguu juu, au aliyeegemea mlango anahamisha uzito wake kutoka kwenye kipimo. Kitu kilichobanwa chini ya siti, chupa au mwavuli, kinaweza kuibeba siti na kupunguza uzito unaosomwa. Vitabu vya baadhi ya magari vinaonya pia kuhusu laptopu na chaja zinazotumika juu ya siti.

Mwisho, sogeza siti mbele na nyuma huku ukitazama taa. Hili watu wanalisahau. Waya za siti zinatembea kila siti inapotembea, na mahali panapotembea ndipo panapochakaa.

Kwa mjomba, hili la mwisho ndilo lililotoa jibu. Siti ikiwa mbele, kimya. Ikiwa katikati, kimya. Ikirudishwa nyuma kabisa, taa inawaka. Tukarudia mara 3, haikubadilika. Mkeka haubadiliki kwa siti kusogea. Waya ndizo zinazobadilika. Sasa tukajua tunakwenda kutafuta nini, na tukaita fundi umeme mwingine, mzee mmoja mtulivu wa mtaani kwao.

Chini ya siti: ogopa plagi ya njano

Hapa nasimama kidogo. Chini ya siti hiyohiyo panaweza kuwa na waya za eabegi ya ubavuni na za kifaa kinachovuta mkanda wakati wa ajali. Vyote viwili vina baruti ndani. Plagi zake kwa kawaida ni za njano. Usizipime kwa mita hata kidogo. Umeme mdogo wa mita unaweza kutosha kuwasha kisichotakiwa kuwashwa.

Kabla ya kuchomoa plagi yoyote, funga swichi, toa terminali hasi ya betri, halafu subiri. Mfumo wa eabegi unahifadhi chaji yake hata betri ikitolewa. Maelekezo ya Toyota yanataja angalau sekunde 90, ya Honda yanataja dakika 3. Mzee alitoa terminali, akaagiza chai. Tulipomaliza vikombe ndipo akasema, "Haya ticha, sasa tunaweza kuinama."

Plagi ya kihisi itambue kwa mchoro wa waya wa gari husika, si kwa kukisia, kwa kuwa magari mengine yameipa njano na yenyewe. Ukishaithibitisha, angalia kwa macho: kutu ya kijani, pini iliyolala, kufuli ya plagi iliyovunjika. Kisha mita iwekwe kwenye kupima ukinzani, upande wa siti. Soma siti ikiwa tupu. Kaa, usome. Nyanyuka, usome tena. Namba sahihi zinatofautiana gari kwa gari na zimo kwenye kitabu cha matengenezo. Lakini hata bila kitabu unatafuta mambo matatu: je, usomaji unabadilika mtu akikaa? Je, unarudi akinyanyuka? Je, unatulia au unarukaruka? Usiobadilika kabisa unaonyesha mkeka au waya imekatika au imegusana. Unaobadilika bila kurudi unaonyesha mkeka umechoka au umekunjamana. Unaorukaruka ukitikisa waya unaonyesha tatizo ni waya.

Wetu ulirukaruka. Mzee akaifuata waya kwa vidole mpaka kwenye reli. Kishikizo cha plastiki kilichokuwa kinaifunga kilikuwa kimevunjika, waya imening'inia, na kila siti iliporudishwa nyuma reli iliikwangua mpaka nyaya mbili zikagusana. Kwa kompyuta, kugusana huko hakuna tofauti na mtu kukaa. Karani hakuwa mwongo kabisa. Kuna mtu alikuwa anamziba mdomo njiani na kujibu kwa niaba yake.

Katika gari lile, mchoro ulionyesha kwamba waya hizo ni za kengele ya mkanda peke yake, haziingii kwenye eabegi. Kwa hiyo mzee aliziunga upya kwa risasi, akazivisha mpira, akazifunga mbali na reli. Zingekuwa za eabegi asingeunga; watengenezaji wengi wanakataza kuziunga na wanataka seti ya waya ibadilishwe. Akarudisha kila plagi kwanza, betri mwisho. Utaratibu huo ni muhimu: ukifungua swichi wakati plagi ya mfumo wa eabegi iko nje, kompyuta inaandika kosa jipya, na taa ya SRS inaweza kubaki imewaka mpaka kosa lifutwe kwa mashine.

Tukarudia hali nne, na siti ikiwa mbele, katikati na nyuma. Majaribio 12. Yote yakafaulu. Mjomba alishangaa kwa nini tunarudia wakati kelele imeshaisha. Kelele kuisha ni jambo moja, gari kusema kweli katika kila hali ni jambo lingine.

Wakati mashine inahitajika

Kwa dalili ya 3 na ya 4 lazima kompyuta yenyewe iulizwe. Hapa wengi wanaliwa hela. Vile vifaa vidogo vya bei rahisi vya kuunganisha na simu vinasoma hasa misimbo ya injini, inayoanza na P. Misimbo ya eabegi na siti huanza na B, na inahitaji mashine inayoweza kuongea na kompyuta ya SRS ya gari hilo. Fundi akichomeka kifaa cha injini akakuambia "hakuna kosa", ni sawa na kwenda kuuliza matokeo yako ya mtihani kwa mpishi wa kantini.

Na msimbo ukipatikana, usiuchukulie kama hukumu. Kwa mfano B1650 kwenye Toyota unasema kuna hitilafu katika mfumo wa kutambua abiria. Hausemi nunua siti. Tatizo linaweza kuwa kipimo, waya, plagi au kompyuta ndogo ya siti. Msimbo unakupa mtaa, nyumba unaitafuta mwenyewe.

Magari yenye vipima uzito yana hatua moja zaidi. Siti ikifunguliwa, ikibadilishwa, au gari likipata ajali, sifuri yake lazima ipangwe upya, kama mizani ya duka. Kwa Toyota, baada ya kupanga sifuri siti ikiwa tupu, fundi anaweka uzito wa kilo 30 na mashine inatakiwa isome kati ya kilo 27 na 33. Kiroba cha unga cha kilo 25 na mfuko wa kilo 5 vinatosha, mradi umevipima kweli. Ndiyo maana siti ya mtumba iliyofungwa bila kupangwa inaweza kumwita mtu mzima mtoto.

Muulize fundi wako

Najua wengi wetu hatuna magari. Lakini tunapanda, tutaazimwa, na baadhi yetu tutakuwa walimu wenye gari dogo la mkopo lililojaa watoto wa jirani asubuhi. Kwa hiyo kaa na maswali haya: umepima kifungio au siti tu? Umejaribu siti ikiwa mbele na nyuma? Mashine yako inasoma SRS au injini tu? Ukibadilisha, utaipanga sifuri? Nikirudi, utanionyesha hali zote nne?

Fundi mzuri hatakasirika. Anayekasirika, au anayetaka kutoa balbu ya taa ya SRS ili "isikusumbue", mshukuru na uondoke. Na wakati sensa haijapona, mtoto akae nyuma na mkanda wake. Hata ikipona, ushauri wa NHTSA ni kwamba walio chini ya miaka 13 wakae nyuma.

Na wewe uliyekaa mbele, ukisikia ti-ti-ti leo jioni kutoka mjini, kabla hujaanza kuitilia shaka sensa, angalia bega lako la kushoto. Inawezekana karani amehesabu sawasawa.